Wodi ya watoto njiti: mtoto nyota tano, mama mzazi nyota mbili

Naandika hii kwa ajili ya wanaotafuta sehemu ya kujifungulia hapa Dar na wana mimba zenye shida, presha, mapacha, chupa kupasuka mapema na mambo kama hayo. Hospitali sitaitaja, kwanza kwasababu manesi wengi bado wapo pale na kuna walionisaidia mno, pili nikiongea na kina mama waliolazwa kwingine nakuta mambo ni yaleyale, ukibadilisha jina la getini stori inabaki hiyohiyo. Ni hospitali kubwa, ina NICU ya kweli, yaani wodi ya uangalizi maalumu ya watoto wachanga, sio chumba chenye hita mbili. Mwanangu alizaliwa wiki ya 30 kwa kisu baada ya presha kugoma kushuka na madaktari kuona kifafa cha mimba kinakuja. Kilo 1.3. Sahivi anatambaa na anakula mchanga kwahiyo msiwe na wasiwasi mkisoma huko chini.

Nianze na mtoto mana yeye ndo alikua mteja mkuu. Hapo sina neno. Alipotoka tu alipelekwa kwenye mashine ya joto, akawekewa sipapu, ule mpira wa puani unaounganishwa na chupa ya maji inayotoa mapovu, mapovu yakiwepo ujue hewa inafika. Alipopata manjano akawekwa kwenye mwanga wa bluu kafunikwa macho. Alichomwa antibaotiki, alipimwa sukari, alilishwa kwa mpira, na akawa anapewa dawa ya kumkumbusha kupumua ambayo kumbe ni kafeini, ileile ya kwenye kahawa, baba yake ni Mhaya akasema basi damu haipotei, ndo mara ya kwanza tulicheka tangu ameingia mle. Usafi wao nao haupindwi, unanawa mpaka kwenye kiwiko, pete unavua, saa unavua, simu inabaki nje, hata daktari bingwa nilimwona anarudishwa kunawa na nesi na akarudi kimyakimya. Kwa mtoto nyota tano, na ningekua na ya sita ningeiweka.

Sasa tuje kwa mama.

Kina mama tulilala chini, watoto wapo juu. Lifti ni ya machela na wagonjwa wanaotoka tieta, ukiikuta imefunguka na mhudumu ana roho nzuri unabebwa, vinginevyo ni ngazi, na mshono bado mbichi. Ratiba ya maziwa ni kila masaa matatu, saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na mbili, mchana na usiku, haijalishi umepasuliwa jana. Unapanda umeshika tumbo kwa mkono mmoja na kikombe kwa mkono wa pili, ukifika juu mlango umefungwa kwasababu kuna mtoto anawekewa kanula, unasubiri koridoni umesimama. Kwenye korido ile palikua na benchi moja la mbao, wanakaa watu wanne wembamba. Sisi ambao tumetoka kujifungua hakuna mwembamba.

Na getini kuna mlinzi. Kila ukitoka hata kwenda kununua uji ukirudi unaulizwa unaenda wapi, ukisema naenda kwa mtoto unaambiwa muda wa kuona wagonjwa bado. Muda wa kuona wagonjwa! Wa kwangu mwenyewe, nimetoka kumzaa, bendeji hii hapa. Mwisho walitupa vipande vya kadi lakini hapo wiki ilishakatika.

Mle ndani kitu cha kwanza kinachokuvuruga ni alamu. Kila mtoto amefungwa kijiwaya mguuni chenye taa nyekundu, kinasoma oksijeni ya kwenye damu na mapigo ya moyo, namba zikishuka monita inalia. Na zinalia muda wote, ya huyu ikinyamaza ya yule inaanza. Nesi anakuja anatembea zake, anabonyeza kitufe, anarekebisha kijiwaya, anaondoka bila kusema kitu, wewe hapo magoti yameshaisha nguvu. Nilikaa muda mrefu sijui kwamba alamu nyingi ni mtoto tu karusha mguu kijiwaya kikalegea, na kwamba usikodolee monita, muangalie mtoto mwenyewe, rangi ya midomo, kifua kinavyopanda na kushuka. Wala sikujua kwamba njiti anaweza kusahau kupumua kwa sekunde kadhaa kwasababu ubongo bado haujakomaa, nesi anamgusa unyayo kwa kidole anakumbuka anaendelea na maisha yake. Maelezo ya dakika mbili hayo. Niliyapata kwa mama mwenzangu tuliyekua tunamuita mama Pacha, alikua mwenyeji wa pale kuliko sisi wote, alinipa koridoni tukiwa tunasubiri mlango ufunguliwe.

Kitu kingine ambacho hawasemi ni uzito. Pale watu wote wanaishi kwa gramu. Asubuhi watoto wanapimwa, mama unaambiwa namba, kapanda gramu 15 siku nzima unaimba, kashuka gramu 20 chai haipiti. Wa kwangu alishuka siku za mwanzo akaenda hadi 1.19 nikajua ndo anaondoka. Kumbe karibu watoto wote wanapungua siku za mwanzo, maji yanatoka mwilini, njiti anaweza kupungua hata asilimia kumi au zaidi na anakuja kurudia uzito wake wa kuzaliwa kama wiki mbili hivi. Daktari anajua, nesi anajua, mfagizi nina uhakika anajua. Mimi ndo sijui na mimi ndo nalia chooni.

Nisonge mbele kidogo alafu nitarudi. Nilipokua nyumbani tayari, zile usiku mtoto kalala mi macho makavu, nikawa nasomasoma mambo haya. Nikakuta kuna wauguzi watafiti Marekani mwaka 1993 walitoa dodoso maalumu la kupima stresi za wazazi wenye watoto NICU. Linauliza kuhusu unavyoviona na kuvisikia mle, mashine na makelele, linauliza kuhusu mtoto anavyoonekana, ile ngozi nyembamba na mipira kila mahali, alafu linauliza kuhusu nafasi yako ya uzazi, kwamba humshiki, humlishi, huwezi kumkinga na maumivu, umetenganishwa naye. Limetumika nchi nyingi sana tangu hapo na mara nyingi kinachoongoza ni hicho cha mwisho, kinaipita mashine, kinazipita alamu. Nilikaa kitandani nikasema ewaa. Mana mashine nilizizoea. Ambacho sikukizoea mpaka natoka ni kuomba ruhusa.

Raundi kwa mfano. Madaktari wanapita asubuhi, wanasimama kwenye kila mtoto, wanaongea vitu vyote ambavyo wewe usiku kucha umekua ukijiuliza, na muda huohuo kina mama wote mnatolewa nje. Wakimaliza wanatoka kundi zima wanakimbilia kwingine, unamdaka mmoja wa mwishomwisho, dokta samahani mwanangu anaendeleaje. "Anaendelea vizuri mama." Basi. Vizuri ya oksijeni kupunguzwa? Vizuri ya hajafa? Siku moja niliambiwa anaendelea vizuri nikaingia nikakuta karudishiwa sipapu aliyokua ametolewa jana yake, hakuna aliyenieleza, nilikaa chini sakafuni palepale. Kuna intern mmoja tu, kijana mdogo kabisa, huyu Mungu ambariki, yeye alichukua boksi la glovu lililoisha akachana, akanichorea mapafu nyuma yake, vifuko vya hewa vinavyojikunja kwa njiti kwasababu ule utelezi wa kuvifungua bado ni kidogo, na kwamba kurudi kwenye sipapu ni kumpumzisha asichoke sio kwamba kashindwa. Lile boksi ninalo mpaka leo. Usiku ule nililala masaa manne mfululizo, na hakuna kidonge nilichomeza.

Maziwa sasa. Chumba cha kukamulia kipo, kina sinki, viti vya plastiki na picha ukutani za jinsi ya kushika ziwa. Mnakaa mmezunguka kila mtu na kikombe chake, na hata usipotaka utaangalia cha mwenzio. Mama Pacha alikua anajaza. Akishamaliza anasema haya napeleka Tanga Fresh juu, watu wanacheka, mi nacheka huku nataka kufa kwasababu nusu saa nzima nimepata matone yasiyofunika hata kitako cha kikombe. Stresi na maziwa ni maadui, ile homoni inayosukuma maziwa yatoke inazibwa na hofu na maumivu, kwahiyo ukiambiwa kwa ukali kamua mama mtoto hana chakula, ndo unayafunga kabisa.

Kuna usiku nimekaa peke yangu mle nalia juu ya kikombe akaingia sista wa zamu, mtu mzima, miwani imeshukia puani. Akakichukua kikombe akakiinua kwenye taa.

"Sasa mama hapa tunalilia nini?"

"Hayatoki sista."

"Mwanao leo anakula mililita mbili kila masaa matatu. Hapa zipo mbili na chenji. Hizo zingine ulitaka aziweke wapi?"

Akavuta ile dang'a kwenye sindano tone kwa tone, nene ya njano, hakuacha hata lililoganda pembeni. Alafu akaniambia nimfuate juu. Hakusema subiri koridoni. Nikanawa, akautoa mtutu wa sindano akauunganisha kwenye mpira wa mtoto, akanikabidhi nishike hivi, usawa huu, usisukume, acha yashuke yenyewe. Nikayaangalia yanashuka. Mtoto akawa anachezesha midomo wakati yanaingia kwa mpira, sista akasema unaona, anajua. Akanipa na kofia ya mtoto iliyotoka kichwani niende nayo chini, niwe naishika puani wakati nakamua. Nilidhani ni mambo ya kunituliza tu, kumbe harufu na sura ya mtoto vinaisaidia ile homoni kweli. Zamu ya alfajiri nilipata vijiko viwili. Nikawa nakamua mara nane kwa siku kama alivyoniambia na ndani ya wiki nilikua nagawana na mama Pacha matani.

Lakini sasa hapa ndo penye tatizo la hii huduma. Asubuhi zamu ikabadilika, akaingia mwingine, nikanawa vizuri nikasogea nishike mtutu kama usiku. "Mama weka kikombe hapo uende, hatutaki msongamano." Mtoto yuleyule, mpira uleule, mikono ileile iliyofanya kazi masaa sita kabla. Kwahiyo kumlisha mwanangu haikua haki yangu wala haikua marufuku, ilitegemea nani kaingia zamu. Tukawa tunaijua ratiba ya manesi kuliko wao wenyewe, leo nani yupo, aah leo fulani basi tutamshika, leo yule basi tukae chini. Simlaumu hata yule mkali, usiku unakuta manesi wawili na watoto wamejaa mpaka mashine moja inalaliwa na wawili, huyu anapumua vibaya yule dripu imetoka, mimi pale kwake ni mtu wa ziada wa kumkwepa. Ila jamani si ndo sababu ya kunifundisha? Mama anayejua kulisha kwa mpira, kubadilisha pampasi bila kuvuta waya, kutambua mtoto kabadilika rangi, huyo ni mkono wa ziada wa bure usiolala.

Naomba niseme na hili ingawa najua kuna watakaoliruka. Kitanda cha jirani yangu kulikua na binti, uzazi wa kwanza, mtoto wake alikua mdogo kuliko wa kwangu. Alifariki usiku. Yule binti alipanda saa tisa na kikombe chake kimejaa akaambiwa palepale mlangoni, amesimama. Alafu akarudishwa wodini, kitanda kilekile, katikati ya sisi wenye vikombe, akisubiri taratibu za makaratasi na ndugu zake waje kutoka mkoani. Maziwa yalikua yanamtoka yanalowesha kanga. Hakuna mtu wa ushauri aliyekuja, hakuna chumba cha pembeni, hakuna hata aliyemwambia afanyeje na maziwa. Tulimshika sisi, mama mmoja alikua na kabeji akamkandia. Na sisi wenyewe kuanzia siku ile hakuna aliyelala, kila simu ya wodini ikilia wanawake wote tunakaa kitako. Kama kuna kitu kimoja ambacho kinaitoa hii huduma nyota, ni hicho, na sio hela, ni pazia na mtu mmoja aliyefundishwa kuongea.

Tuje kwenye kangaruu. Hapa nyota tano na kelele juu. Kina chumba chake, viti vya kuegemea vitano na vitanda kadhaa, unavua juu, mtoto anabaki na pampasi kofia na soksi, anawekwa katikati ya maziwa wima kama chura miguu imekunjwa, mnafungwa na kanga, unafunika na gauni. Siku ya kwanza mwanangu kawekwa kifuani nilikua naogopa kupumua. Nesi akaniambia mama pumua, akisikia unapumua na yeye atapumua. Oksijeni ilikua inachezacheza themanini na kitu, baada ya muda ikatulia tisini na tano na haikulia tena, na mimi kwa mara ya kwanza tangu nimejifungua mabega yakashuka. Sijui nielezeje. Ile kazi yote ya mashine, joto, kumkumbusha kupumua, ikawa naifanya mimi.

Hii njia ilianzia Bogotá kule Colombia mwaka 1978, daktari anaitwa Edgar Rey aliona mashine za joto hazitoshi na watoto wanaambukizana, akawafunga vifuani mwa mama zao. Watu wengi wanaidhani ni njia ya maskini, ukikosa mashine. Sasa mwaka 2021 ukatoka utafiti ulioratibiwa na WHO, shirika la afya duniani, hospitali tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapahapa Tanzania, watoto zaidi ya 3,200 wa kilo 1 mpaka karibu kilo 1.8. Kundi moja walifanya ilivyozoeleka, mtoto anakaa mashineni mpaka atulie ndo apewe mama. Kundi lingine mama anawekewa kitanda ndani ya NICU yenyewe na kangaruu inaanza mapema baada ya kuzaliwa, hata kama mtoto hajatulia, huku anaendelea na matibabu yake. Vifo vikapungua kwa robo, wakausimamisha utafiti kabla ya muda kwasababu haikua sawa kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 WHO wakatoa mwongozo kabisa, kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, masaa 8 mpaka 24 kwa siku. Elewa hiyo, kumuweka mama mle ndani na kumpa kitanda kunaokoa watoto. Sio fadhila kwa mama.

Na pale kwetu? Kangaruu mpaka mtoto atoke kwenye oksijeni, na mwanzoni ni masaa mawili mchana alafu mnatolewa. Chumba chenyewe kizuri saa nyingine kina viti vitupu huku sisi tumebanana kwenye benchi la korido. Baba hawaruhusiwi kwasababu kina mama wamekaa vifua wazi na hakuna mapazia ya kugawanya, wakati kifua cha baba kinafanya kazi vizuri tu, mume wangu alikua anakuja kila jioni na daladala mbili kutoka nyumbani Chanika, anamuona mtoto dakika chache kupitia kioo, anageuza. Yeye hakuna hata mlinzi aliyewahi kumuuliza unaendeleaje. Alikuja kuniambia baadae kwamba alikua analia kwenye daladala siti ya dirishani.

Ndugu nao. Huku nje watu wameshasikia umejifungua, simu zinaingia, hongera mama, tuma picha. Picha ipi sasa, ya mtoto mwenye mipira? Mama mkwe wangu ni mtu mwema lakini kila akipiga swali ni lilelile, ulibeba nini kizito, ulikula nini. Presha ya mimba huipati kwa kubeba ndoo jamani. Wifi yangu ndo alikua akili, yeye hakuuliza kitu, analeta mtori kwenye chupa ya chai na kanga safi, anachukua chafu, anaondoka. Kama una ndugu yako mle fanya kama wifi.

Gharama nipite haraka, huduma ya mtoto kwa sera ni bure lakini kuna dawa utaambiwa haipo kanunue nje, kuna vipimo, kuna chakula chako na nauli ya mwenzio, andaa akiba. Mlioajiriwa mjue sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025, mama aliyejifungua njiti anaongezewa kwenye zile siku 84 za likizo ya uzazi muda uliokua umebaki kufikia wiki ya 36 ya ujauzito, na Doris Mollel na taasisi yake ya kutetea watoto njiti ni miongoni mwa waliopigania hilo miaka mingi. Nenda na barua ya daktari kwa mwajiri ukadai. Ila mama Pacha ni mama ntilie, yeye likizo anaomba kwa nani, alikua anapiga simu koridoni kuuliza kama mtu aliyemuachia meza kanunua mkaa.

Ikaja tarehe 17 mwezi wa kumi na moja, siku ya njiti duniani. Wodi ikapambwa maputo ya zambarau, wakaja wageni na kamera, tukapewa pampasi na sabuni, hotuba, tukapiga picha tumevaa tisheti. Pampasi zilisaidia sana sikatai. Benchi la korido lilifunikwa kitambaa cha zambarau siku ile, kesho yake kitambaa kikachukuliwa.

Kutoka sasa. Tulipofika kilo 1.8 ananyonya mwenyewe wakatuandikia kutoka, na kila mtu anategemea unaruka ruka. Mimi nilitetemeka. Mwezi na zaidi kuna monita, leo naenda Chanika na macho yangu tu. Karatasi waliyonipa ilikua na dawa, vitamini, madini chuma, tarehe ya kliniki, na kipimo cha macho ambacho msikiruke kabisa, njiti waliokaa kwenye oksijeni mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kuota vibaya na kumpofusha, wanatakiwa kuangaliwa wiki kama ya nne hivi baada ya kuzaliwa, ikichelewa inakua ngumu. Na muwe mnahesabu umri mara mbili, wa kuzaliwa na wa tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, msije mkalinganisha na mtoto wa jirani mkajitia presha bure. Namba ya simu ya wodi haikuwepo. Nilikua naamka kila nusu saa kuweka kidole puani kwake, sikula, niliogopa kuachwa naye peke yangu, nikaanza kufikiri bora angekua na mama mwingine. Ilidumu wiki na wiki.

Kwenye kliniki ya chanjo, zahanati ndogo tu ya mtaani kwetu, nesi alimpima mtoto alafu akaweka kalamu chini akaniuliza na wewe mama unalala? Akanisomea maswali kumi, kama umekua unaweza kucheka, kama unajilaumu bila sababu, kama umewahi kufikiria kujidhuru. Ni dodoso lililotoka Edinburgh mwaka 1987, ni la dakika tano. Nikapata alama za juu, nikapewa rufaa, sonona ya baada ya uzazi, nikatibiwa, nikapona. Zahanati yenye bati la kutu. Lile jengo kubwa lenye mashine za mamilioni nililala mwezi na zaidi hakuna aliyeniuliza hata swali moja kati ya hayo kumi. Kama unasoma hii na unajiona humo, usisubiri kuulizwa, mwambie nesi yeyote wa kliniki kwa mdomo wako silali na nina mawazo mabaya, na kama mawazo ni ya kujidhuru au kumdhuru mtoto nenda leoleo.

Wanaouliza inbox wabebe nini: ndala zisizoteleza, kanga nyingi, gauni la kufunguka mbele, chupa ya chai, kikombe chako chenye mfuniko na plasta ya kuandikia jina, kofia za mtoto ndogo kabisa mana za dukani zinamfunika mpaka kidevu. Kalamu na daftari pia, andika maswali usiku umdake daktari asubuhi na swali moja la maana badala ya anaendeleaje. Muulize oksijeni imepanda au imeshuka, anakula mililita ngapi, nini kinamzuia kuanza kangaruu leo. Ukiuliza hivyo wanasimama.

Siku ya kliniki ya macho niliandika karatasi mbili nikaweka kwenye sanduku la maoni, nikaweka na namba yangu bila matumaini yoyote. Matroni alinipigia. Tuliongea sana, hakubisha hata kimoja. Kuhusu pazia la akina baba alisema linashonwa. Kuhusu mama kulisha kwa mpira alisema atabandika tangazo ili zamu zote zifanye sawa, na mama Pacha aliyerudi kliniki juzi kasema tangazo lipo kweli limebandikwa juu ya sinki. Viti vya korido vinasubiri bajeti. Kuhusu kina mama kubaki wakati wa raundi, alisema hilo inabidi aongee na madaktari.